Sura ya Tisa: Mkono wa Mzee Ombui

Mtoto wa Cate ndiye aliyemwondolea Robi mshukiwa wake wa kwanza.

Alikuwa mtoto wa kiume, mnene, amelala juu ya mzigo wa mitumba katika kibanda cha mamake pale Isebania, malori ya kuelekea Sirare yakinguruma nje bila kumshtua. Cate, mwanamke mpya wa Machuki, alimfunua shuka kidogo ili Robi aone vizuri.

"Hiyo Jumamosi unayoniuliza nilikuwa leba, madam. Kama huniamini, muulize nesi. Kama humwamini nesi, muulize huyu."

Robi alimuuliza nesi, na nesi akakubali. Basi mwanamke aliyepokea samansi ya talaka kule Sindo siku ile, akijiita Edinah Mokeira, mke wa Machuki, hakuwa Cate.

Asubuhi ya Jumanne Robi alikuwa Homa Bay. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani na kuufunika mji, mlima Asego umebaki kilele tu, kama kitu kilichowekwa hewani na mtu akasahau kukishusha. Watu walipita barabarani polepole, bila nyuso. Mahali fulani redio ilikuwa ikiimba peke yake.

Robi aliegesha Probox ya wakili aliyemtuma mbele ya duka la nyavu na kumgeukia mwanamke aliyekaa kiti cha nyuma.

"Shuka ununue ndizi pale ng'ambo. Simama nikuone kutoka juu. Ukimaliza rudi garini."

"Sina njaa, dada."

"Sijakuuliza njaa."

Edinah Mokeira akashuka. Alikuwa fundi wa nguo mjini Migori, mtu wa maneno machache. Alijua ameachwa siku aliyokwenda kumchukua binti yake Bochaberi shuleni, shule zilipofungwa. Mwalimu mkuu alimwambia baba wa mtoto ameshamchukua, tena alikuja na amri ya mahakama. Edinah alikwenda kwa chifu. Chifu akamtuma kwa mchungaji. Mchungaji akaomba, maombi mazuri marefu, kisha akamwambia arudi nyumbani awe na subira. Ni mteja mmoja, aliyekuwa anapunguziwa sketi, aliyemwambia kwamba wakili Angwenyi husikiliza kesi za kifamilia kila Alhamisi bila malipo. Angwenyi alisikiliza, akasoma faili, kisha akamwita Robi, sajenti mstaafu wa polisi aliyekuwa akimfanyia upelelezi.

Faili lilikuwa safi. Machuki alikuwa ameomba talaka na malezi ya mtoto. Samansi ilitoka. Mpeleka samansi, kijana anayeitwa Chrispine, aliapa kwamba alimpata Edinah nyumbani kwa baba mkwe wake huko Sindo, akaonyeshwa na mzee mwenyewe, akamkabidhi karatasi mkononi. Edinah hakutokea mahakamani. Hakimu akasikiliza upande mmoja, kama sheria inavyoruhusu. Ijumaa hii amri ingekuwa ya mwisho, na Bochaberi angekuwa mtoto wa Sindo.

"Siku ile nilikuwa kanisani Migori," Edinah alikuwa amesema. "Ilikuwa Sabato. Kwaya nzima iliniona."

"Wakili wao atasema watu wa kanisa moja husaidiana," Angwenyi alikuwa amejibu. Kisha akamwambia Robi, "Nitafutie aliyepokea."

Ofisi ya Chrispine ilikuwa juu ya duka la nyavu: meza, kabati la chuma, viti viwili na dirisha. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inakata.

"Madam, mimi ni mtu wa kazi. Naonyeshwa mtu, napeana karatasi, naapa, naenda zangu."

"Uso wa Edinah unaukumbuka?"

"Sana."

"Njoo dirishani."

Chini, ukungu ulikuwa umeanza kupasuka vipande vipande. Ng'ambo ya barabara mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kijani kichwani alikuwa akichagua ndizi, akizigeuza moja moja kana kwamba ana siku nzima.

"Yule wa kitambaa cha kijani. Umewahi kumwona?"

Chrispine aliangalia kwa makini. Alikuwa mwaminifu, hilo Robi aliliona. "Hapana. Ni nani?"

"Edinah Mokeira."

Kijana alirudi nyuma, akakaa. Kiti kililia chini yake. Redio ile ya mbali ikaendelea na wimbo wake.

"Basi nilionyeshwa mtu mwingine," alisema mwishowe.

"Hilo sasa tunalijua sote wawili. Mwambie hakimu leo, na kesho upande wa pili watasema tumekuhonga. Namtaka mwenyewe aliyepokea. Simama."

"Nisimame?"

"Hii ofisi ni boma la Mzee Ombui. Mlango ni geti. Kabati ni jiko. Wewe ni wewe, mimi ni mzee. Anza ulipoingia."

Chrispine alisita, kisha akatoka hadi mlangoni na kuingia tena, ameshika karatasi ambayo haikuwapo. Uso wake ulilegea, kama mtu anayerudi ndani ya ndoto aliyoiota mchana.

"Kulikuwa na jua. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, kwa hivyo kimya kabisa. Nikasema hodi. Ukanikaribisha. Nikakwambia namtafuta mke wa Machuki. Ukasema, 'Yuko jikoni.'"

"Nikamwita?"

"Hapana. Uliingia."

Robi, aliyekuwa ameanza kutembea kuelekea kabati, alisimama. "Niliingia jikoni alimokuwa?"

"Eeh. Ukatoka naye. Ulikuwa umemshika hapa." Chrispine akagusa bega lake la kushoto. "Alikuwa na machozi kidogo. Ukamwambia maneno kwa Kikisii, kwa upole. Nikampa karatasi, akapokea, akakataa kutia sahihi. Halafu akakuletea kikombe cha uji. Ukanywa nusu, ukamrudishia, akamalizia yeye."

"Kikombe kimoja?"

"Kimoja. Nikawaza, hii familia inapendana hivi, sasa talaka ni ya nini?"

Robi alicheka mara moja, kicheko kifupi bila furaha. "Chrispine, wewe umekulia wapi?"

"Kwetu ni hapa Kendu. Lakini nimezaliwa Nairobi, nikasomea Nairobi. Nimerudi juzi tu."

"Nilidhani hivyo. Sikiliza. Baba mkwe wa Kikisii haingii jikoni kwa mke wa mwanawe. Hamsalimii kwa mkono, sembuse kumshika bega. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Wenyewe wanaiita chinsoni. Ni heshima, si chuki. Kwetu Ukuria ni vilevile. Baba mkwe wangu alikufa hajawahi kugusa mkono wangu, na tulipendana."

Chrispine aliitazama ile nafasi mbele ya kabati kana kwamba wale watu wawili bado wamesimama pale, kikombe kikipita katikati yao.

"Sasa yule alikuwa nani?"

"Fikiria. Mzee anaingia jikoni kwa nani bila kuita? Anashika bega la nani?"

"La mke wake."

"Mkewe alizikwa zamani. Edinah aliniambia."

Kijana aligusa tena bega lake la kushoto. Kisha akasema polepole, "La binti yake."

"Chukua koti lako."

"Madam, wataninyang'anya leseni."

"Hadi leo asubuhi ulikuwa umekosea. Kukosea kunasameheka. Ukijua na ukanyamaza, hiyo ni jinai. Chagua ukiwa unashuka ngazi, sina muda."

Alichagua akiwa anashuka ngazi.

Barabara ya kwenda Sindo ilipita kati ya vilima na maji, na jua lilipopanda, vitu vilianza kupoteza uzito. Mitumbwi ya mbali ilionekana kuning'inia juu ya ziwa bila kuligusa. Kisiwa cha magugu maji, kijani kabisa, kilikuwa kikihama polepole na ndege mmoja mweupe amesimama katikati yake, kama abiria aliyelipa nauli. Edinah alikuwa nyuma, kifurushi cha karatasi magotini. Ndani mlikuwa na gauni la mtoto.

"Nimekadiria tu," alisema bila kuulizwa. "Sijui amerefuka kiasi gani."

Chrispine alimtazama kupitia kioo. "Mama, pole."

"Pole ya nini? Wewe hujawahi kuniona."

Chrispine aliondoa macho kwenye kioo, akayaweka barabarani mpaka Sindo.

Sindo ilikuwa imelala mchana. Omena walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kando ya maji, eneo kubwa la fedha lililomeremeta hadi macho yakauma. Juu ya ziwa wadudu wadogo wasiouma walikuwa wamepanda kwa mamilioni, nguzo nyeusi za moshi usio na moto, zikiyumba kimya kuelekea nchi kavu. Robi aliegesha chini ya kivuli cha ukuta.

"Edinah, baki. Nikikupungia, uje. Chrispine, wewe twende. Usiseme chochote mpaka nikuulize."

Mzee Ombui alikuwa ameketi mbele ya mashine yake ya kusaga, akingoja stima iliyokatika irudi. Unga ulikuwa umemfunika kila mahali, nywele, kope, mikono, na alipogeuka alionekana kama mtu aliyetengenezwa kwa chaki. Hatua chache kutoka kwake, kwenye mkeka, mwanamke mnene alikuwa akimsuka mtoto wa kike. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa. Nusu nyingine ilisimama wima. Mtoto alikuwa akisinzia, kichwa kinaanguka, mwanamke anakiinua, kinaanguka tena.

Robi alisalimia. Akajitambulisha kwa jina na kazi, na kwamba ametumwa na wakili wa Edinah Mokeira. Mzee alitikisa kichwa, unga ukadondoka.

"Huyu kijana unamkumbuka?"

"Alileta karatasi."

"Alimpa nani?"

"Edinah. Alikuwa amekuja kututembelea."

"Nani alimwonyesha Edinah?"

"Mimi. Unataka aonyeshwe na kuku?"

Mwanamke wa mkekani hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama ndani ya nywele za mtoto. Chrispine alikuwa akimtazama. Robi hakumuuliza kitu. Uso wa kijana ulitosha.

"Na huyu dada ni nani, mzee?"

"Binti yangu, Eucabeth. Siku hiyo hakuwapo. Alikuwa sokoni."

"Sijakuuliza siku hiyo alikuwa wapi."

Nguzo moja ya wadudu ilikuwa imefika ufukweni, na hewa ikawa na mvumo mwembamba usiotoka popote.

"Sawa," alisema Robi. "Edinah ameachwa. Si mke wa mwanao tena."

"Mahakama imesema."

"Kwako wewe sasa ni nani?"

"Si mtu. Ni mgeni kama wewe."

"Kama mimi." Robi alinyoosha mkono wake. Mzee, bila kufikiri, akaupokea, akautikisa, akauachia. Kiganja cha Robi kilibaki cheupe. "Asante, mzee."

Kisha akageuka na kupunga mkono kuelekea garini.

Edinah alishuka na kuja, kifurushi kifuani. Alipomwona mtoto alisimama, lakini hakumkimbilia. Kwa mazoea ya miaka akasimama mbali na mzee na kuinamisha macho. Mzee naye alikuwa tayari amegeuza uso upande wa ziwa.

"Msalimie mzee," alisema Robi. "Kwa mkono."

Edinah alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Dada, usiniambie nifanye hivyo."

"Yeye anasema wewe ni mgeni. Wageni husalimiana. Nyoosha mkono."

"Siwezi."

"Zimebaki siku tatu tu hadi Ijumaa, Edinah."

Mtoto alikuwa amefungua macho. Alimwangalia mama yake kwa utulivu, bila kushangaa, kama anavyomwangalia mtu aliyezoea kumwona ndotoni. Edinah alimwona anavyoangalia. Akahamisha kifurushi kwapani, akapiga hatua moja, kisha nyingine, akanyoosha mkono.

Mzee Ombui alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Akarudi nyuma. Edinah akasogea. Mzee akarudi tena hadi mgongo ukagonga ukuta wa mashine, unga ukamtoka kama moshi, na akaificha mikono yake yote miwili nyuma, kama mtoto aliyekutwa akiiba sukari.

"Mpe mkono, mzee," alisema Robi. "Mgeni anakusalimia. Mpe, na mimi nageuza gari, narudi Migori, hutaniona tena."

"Mwondoe," alisema mzee. Sauti haikuwa na nguvu. "Mwondoe mbele yangu. Hii si tabia."

"Mbona mimi umenipa?"

"Wewe si..."

"Mimi si nani?"

Mkono wa Edinah ulibaki hewani, na wadudu wadogo wakaanza kutua juu yake, wepesi kama majivu, bila kuuma.

"Mwache baba," alisema Eucabeth kutoka mkekani. "Na wewe, Edinah, teremsha mkono. Ni mimi niliyepokea."

"Eucabeth!" alifoka mzee.

"Baba, ungempa mkono sasa hivi, ningenyamaza mpaka naingia kaburini. Lakini umekataa. Wote wameona umekataa."

Edinah aliteremsha mkono. Robi alichutama kando ya mkeka.

"Kabla hujaendelea. Ulijifanya mtu mwingine kupokea karatasi ya mahakama. Si jambo dogo. Sikuahidi chochote. Ukija Migori, wakili atakueleza yanayoweza kukupata kabla hujaapa, na una haki ya kukataa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nani alikutuma?"

"Machuki alipiga simu. Baba akanishika, akanitoa nje. Nilikuwa nalia. Huyu kijana aliniona."

"Ulilipwa?"

"Pesa? Hapana." Eucabeth alitazama chini, kwenye kile kichwa kilichosukwa nusu. "Machuki alisema mtoto atakuwa wangu. Wangu walibaki kwa baba yao nilipofukuzwa. Mimi sikupewa hata karatasi. Nilifukuzwa kwa mdomo, nikafungasha, nikaja. Sikujua kuna mahali mtu anaweza kwenda kuuliza."

"Kuna," alisema Robi. "Ni kwa Angwenyi, kila Alhamisi. Ukishamaliza ya Edinah, ukae kwenye ule ule mstari uulize yako."

Eucabeth alimtazama kama mtu aliyeambiwa ziwa lina mlango.

Edinah hakuwa amesikia lolote. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto na kufungua kifurushi. "Bochaberi. Njoo tupime."

"Sikiliza," Robi alimwambia, akichutama karibu yake. "Utampima, utamkumbatia, lakini hatumbebi leo. Amri bado ipo. Tukiondoka naye, sisi ndio tutakuwa tumevunja sheria, na Ijumaa watakuwa na la kusema. Kesho asubuhi Angwenyi anapeleka viapo viwili, cha huyu na cha Chrispine, anaomba amri yote ifutwe. Ndiyo njia."

"Nimwache tena?"

"Umwache mara moja, ili usimwache tena."

Edinah akachukua kopo la mafuta ya nywele lililokuwa kwenye mkeka na kulishika wazi, karibu na mkono wa Eucabeth.

"Malizia kichwa," alisema. "Hatalala hivyo."

Robi aliangalia saa, akaangalia barabara, akawaacha. Wanawake wale wawili walisuka bila kusemezana, mmoja akigawanya nywele, mwingine akipaka mafuta, na mtoto akalala usingizi wa kweli katikati ya mikono yao. Mvumo ulipita juu na kwenda zake. Stima ilirudi. Mashine ikajaribu kunguruma, na mzee akaizima. Walipomaliza, Edinah alimvalisha gauni mtoto akiwa amelala. Lilikuwa fupi kwa vidole viwili.

"Pindo lina akiba," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Nitashusha Ijumaa."

Alimlaza mkekani, akasimama, akaenda garini bila kugeuka. Eucabeth alimfuata akiwa amevaa kanga ya jikoni vilevile, akaingia kiti cha nyuma, akaketi kando yake.

Robi alikuwa ameshafungua mlango wa dereva wakati Mzee Ombui alipokuja hadi pembeni mwa ukuta. Hakulikaribia gari. Alisimama na kuligeuzia mgongo, akatazama ziwa, na maneno yake akayatuma hewani, kama desturi inavyotaka, kwa yeyote atakayeyafikisha.

"Mwambieni mke wa mwanangu," alisema, "mtoto wake atakula, na atalala kwa salama."

Kwenye kiti cha nyuma Edinah aliinamisha macho.

Robi alimgeukia Chrispine. "Umesikia alivyomwita?"

"Nimesikia."

"Hilo nalo utaliapia," alisema, akawasha gari.